Injini ya nguvu kubwa kwenye gereji ya nyumbani: pesa iende kwenye vipimo kabla ya vyuma vinavyong'aa

#1

Habari zenu wakuu.

Kila mjadala wa injini za nguvu kubwa unaishia palepale. Mtu anaorodhesha pistoni za kufuliwa, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) nene, krenki (shafti kuu inayozunguka) mpya na hedi iliyochongwa upya, kisha anasema kama huna mtaji mnono usijisumbue. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Injini ya kawaida ya kiwandani, ikichaguliwa vizuri, ikipimwa kwa uangalifu na kulishwa petroli ya kutosha, inabeba nguvu mara mbili ya ilizotoka nazo. Nyingi zinazopasuka zimeuawa na joto, uhaba wa petroli au uchafu, na vyuma vyake vya ndani vilikuwa vizima mpaka dakika ile.

Nianze na mfano mzito. BMW walipoingia Formula 1 na injini ya turbo ya lita 1.5, hawakusubu bloku mpya. Walichukua bloku ya chuma ya injini ya M10, ile ya magari yao ya kawaida iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Mwaka 1983 Nelson Piquet alichukua ubingwa wa dunia nayo, na baadaye kwenye mbio za kufuzu ikapita nguvu farasi 1,000. Ndiyo, juu ya bloku ile kila kitu kingine kilikuwa cha mashindano. Ila bloku yenyewe asili yake ni gari la familia. Kwa hiyo mtu akikwambia bloku ya chuma haiwezi farasi 400, muulize anapima kwa kipimo gani.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Nguvu farasi = toki, yaani nguvu ya kuzungusha (kwa Nm) × mizunguko kwa dakika ÷ 7,121.

Chukua injini inayotoa Nm 250 kwenye mizunguko 6,000. Hapo una karibu farasi 210. Unataka 280? Njia ziko mbili. Ya kwanza, bakiza toki ileile uizungushe mpaka 8,000. Ya pili, baki 6,000 uongeze toki kwa theluthi moja, ifike kama Nm 333.

Kwenye karatasi zinalingana. Ndani ya injini hazifanani hata kidogo. Nguvu inayoivuta konrodi pistoni inapogeuka kule juu hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 6,000 kwenda 8,000 unaiongeza kwa asilimia 78. Tena inakuja mbaya zaidi mwishoni mwa mkupuo (safari ya pistoni) wa kutoa moshi, ambapo juu ya pistoni hakuna presha ya kuizuia, kwa hiyo mvuto wote unaishia kwenye konrodi na boliti zake. Hapo ndipo boliti zinakatika na konrodi inatoka ubavuni mwa bloku. Zaidi ya hapo unahitaji springi ngumu za vali, kamshafti nyingine na kusawazisha krenki upya. Hayo yote ni pesa.

Busti, yaani presha ya hewa inayoongezwa na turbo, inafanya kazi tofauti. Inaisukuma pistoni kwenda chini, konrodi inabanwa, na chuma huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo anashauriwa turbo na mizunguko ya kiwandani. Anayetaka farasi wengi bila turbo ajue kwamba njia hiyo ndiyo ghali, hata kama kwa nje injini inaonekana rahisi zaidi.

Naendelea na kuchagua injini, wakuu. Wenye maswali wekeni hapa.

#2

Mkuu shusha nondo, nimeweka kambi. Hiyo ya mraba wa mizunguko hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

#3

Tuendelee.

Kuchagua injini. Tafuta bloku ya chuma, ujazo mkubwa kadiri unavyoweza kupata, na iliyotengenezwa kwa wingi mno. Wingi ndio unaoshusha bei ya vipuri na ndio unaokupa watu waliokwisha kujaribu kabla yako. 2JZ ya Toyota imepata sifa kwa sababu hizo: lita 3, silinda sita, kipenyo mm 86 na mkupuo mm 86, bloku nzito ya chuma. Ile ya turbo ilitoka na kompreshoni (kiasi ambacho pistoni inaubana mchanganyiko) ya 8.5 kwa 1, isiyo na turbo ilitoka na 10 kwa 1. Huko Marekani kipenzi cha wenye bajeti ni LM7 ya General Motors, V8 ya lita 5.3 iliyofungwa kwenye malori madogo kuanzia 1999 mpaka 2007. Bloku yake ni ya chuma, imezalishwa kwa wingi, na watu wanaifungia turbo bila kubadilisha pistoni wala konrodi. Usishikilie jina. Injini nzuri kuliko zote ni ile ambayo vipuri vyake unaweza kuvipata na ambayo wewe una nafasi ya kuipakua na kuipima.

Kabla ya kulipa, ipime. Kompreshoni ya silinda zote isitofautiane zaidi ya asilimia 10 hivi. Kama muuzaji anakubali, fanya pia kipimo cha uvujaji: unaingiza hewa yenye presha kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, unasoma ngapi inapotea. Chini ya asilimia 10 ni safi, ikivuka 20 kuna kazi. Na sikiliza hewa inatokea wapi. Ikitoka kwenye ekzosi, vali ya kutolea haikai. Ikitoka kwenye manifodi ya kuingizia hewa, ni vali ya upande huo. Ikitoka kwenye kifuniko cha oili, ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni hedi gasketi au hedi yenye ufa. Kipimo hiki ni cha muda mfupi na kinakuambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Sasa ringi. Naomba mnivumilie hapa, maana hii ndiyo kazi moja ambayo gharama yake ni karibu bure na inaokoa injini nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Ringi ya juu imekatwa, na ncha zake huacha nafasi ndogo inapokaa ndani ya silinda. Kiwanda huiacha ndogo kwa sababu injini yake ina joto la kawaida. Ukiongeza busti, joto la kichwa cha pistoni linapanda, ringi inarefuka, ncha zinakutana. Zikikutana hazina pa kwenda. Ringi inajikaza kwenye ukuta wa silinda, pistoni inaendelea kuvutwa, na ule ukingo wa pistoni ulio juu ya ringi unang'oka. Mwenye injini anasema pistoni za kiwandani ni dhaifu. Pistoni ilikuwa nzima, ringi ndiyo haikuachiwa nafasi.

Kanuni inayotumika sana: kipenyo cha silinda × 0.004 kwa injini isiyo na turbo, × 0.006 kwa yenye turbo inayotumia petroli. Kwa silinda ya mm 86 hiyo ni kutoka kama mm 0.34 kwenda mm 0.52. Iingize ringi kwenye silinda yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa juu chini ili ikae sawasawa, ishuke kama mm 25, upime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ikibana, ipige tupa ncha moja tu, ukisukuma kutoka nje kuja ndani, kisha lainisha ukingo kwa jiwe. Kila ringi na silinda yake, zisichanganywe. Mtengenezaji wa ringi akikupa namba yake, fuata ya kwake.

#4

Mkuu mimi ni fundi wa karakana ya kuchonga vyuma, naomba niongeze jambo kabla hujasonga, maana naona watu watakimbilia kupiga tupa ringi na kufunga.

Silinda kwanza. Ringi mpya kwenye ukuta uliong'aa kama kioo hazitakaa, injini itakula oili milele. Lazima kuhoni (kuukwangua ukuta kwa jiwe), mistari ikatane, kisha upime kwa dayo geji juu, katikati na chini, pande mbili. Silinda ikiwa imepanuka juu na ina umbo la yai, kuhoni hakusaidii, inabidi kubori (kuipanua silinda) na kuweka pistoni za ovasaizi. Hiyo kazi ileteni karakana. Vifaa vya kuifanya vizuri nyumbani ni ghali kuliko kutulipa sisi.

Pili ni usafi, na hapa ndipo nagombana na wateja kila siku. Baada ya kuhoni kuna mchanga wa jiwe ndani ya vinyweleo vya chuma. Petroli na dizeli haziutoi, zinausogeza tu. Tumieni maji ya moto, sabuni nyingi na brashi, halafu kausheni kwa hewa na mpake oili palepale kabla kutu haijaanza. Futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia. Rudia mpaka kitoke cheupe. Mchanga ule ukibaki utazikuta beringi mpya kwenye dakika za kwanza.

#5

Naunga mkono hoja kwa asilimia mia. Wakuu, huyu ndiye mtu wa kumlipa. Ukiwa na bajeti ndogo, kazi za kupeleka karakana ni kubori, kuskimu hedi (kuusawazisha uso wake) na kukagua krenki kama ina nyufa. Kupakua, kusafisha, kupima na kufunga fanya mwenyewe taratibu.

Beringi za krenki: kwa barabara, nafasi ya oili ya takriban sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo ya krenki ni mwanzo mzuri. Shingo ya mm 53 inataka kama mm 0.05. Kama huna mikrometa ya kuaminika, tumia kamba ile nyembamba ya plastiki inayolazwa kwenye shingo kavu. Unafunga kifuniko kwa toki kamili bila kuzungusha krenki, unafungua, unalinganisha upana wake na kipimo cha kwenye pakiti. Ni ya bei ndogo sana na haidanganyi kwa kazi yetu.

Boliti nyingi za kisasa za hedi, na baadhi ya za konrodi, hukazwa kwa toki kisha kwa nyuzi za pembe, na zinakuwa zimenyooshwa. Hizo hazirudiwi. Kama kuna mahali pa kutumia pesa ndani ya injini ni hapa: boliti mpya za konrodi, stadi nzuri za hedi na gasketi ya tabaka za chuma. Na ukibadilisha boliti za konrodi, rudi karakana wapime tundu kubwa la konrodi upya, maana boliti mpya inaweza kulipinda kidogo.

#6

Mkuu asante kwa madini. Mimi nina silinda sita ya lita 3, kompreshoni 10 kwa 1, haina turbo. Lengo langu ni farasi 400 za barabarani. Je, ni lazima niweke pistoni za kushusha kompreshoni? Na turbo za mtumba za malori ya dizeli zinafaa kwenye petroli?

#7

Mkuu, kwa farasi 400 bakiza pistoni zako. Kompreshoni ya 10 inakufaa kabla turbo haijaamka, gari linakuwa jepesi mjini. Unacholipia ni kwamba nafasi ya kukosea inapungua: petroli iwe ya okteni ya juu, hewa ipozwe vizuri, na taimingi (wakati wa cheche) irudishwe nyuma kwenye busti.

Turbo za dizeli zinafaa. Holset HX35 iliyokuwa kwenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 imetumika miaka mingi na watu wa bajeti. Zimejengwa kwa kazi ngumu. Ukiikagua ya mtumba, shika shafti uisukume kwenda ndani na nje: isicheze. Ubavuni ikicheza kidogo ikiwa kavu ni kawaida, ila mapanga yasiguse nyumba yake. Mapanga yaliyokatika ncha, achana nayo.

Mambo mawili watu huyapuuza kwenye turbo. La kwanza ni bomba la kurudisha oili. Oili inatoka kwenye turbo ikiwa povu na inashuka kwa uzito wake tu, hakuna presha inayoisukuma. Bomba liwe nene, literemke bila kupinda juu, liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukilibana, oili inapita kwenye sili na gari linafuka moshi wa bluu, halafu unaambiwa turbo imekufa.

La pili ni intakula, rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Ngoja niweke namba. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mpaka busti ya bar 1, kwenye turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi kama 125. Hewa ya moto ni nyepesi. Presha imekuwa mara mbili lakini hewa halisi uliyoingiza ni mara 1.5 tu. Yaani nusu ya faida imeliwa na joto, na joto lenyewe linaileta injini karibu na kugonga, yaani mchanganyiko kujilipua wenyewe. Intakula kubwa ya mtumba, hata ikiwa ya lori, inarudisha sehemu kubwa ya hiyo. Kwangu inatangulia turbo kubwa zaidi.

Sasa petroli ya farasi 400. Injini ya turbo hunywa takriban gramu 272 kwa kila farasi kwa saa. Hiyo ni kilo 109, au lita 147 hivi kwa saa. Gawa kwa nozeli sita, kisha acha akiba ili zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Unapata nozeli za kama cc 510 kwa dakika. Nunua 550. Pampu iweze kutoa lita hizo 147 na akiba juu yake ikiwa kwenye presha ya bar 4, maana ni bar 3 za kawaida na moja ya busti. Soma jedwali la pampu kwenye presha hiyo. Ile namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni ya presha ndogo.

#8

Hapa nina pingamizi mkuu. Nozeli, pampu, na bila shaka kompyuta mpya ya injini, hiyo tena si nafuu. Kwa nini nisibakize kompyuta ya kiwandani nikapandisha presha ya petroli tu? Nimeona watu wanafanya na magari yanatembea.

#9

Yanatembea mkuu, swali ni kwa busti kiasi gani. Mtiririko wa nozeli unafuata kipeuo cha pili cha presha. Ukipandisha kutoka bar 3 kwenda 4 unapata asilimia 15 tu zaidi. Kwa busti ndogo mno inaweza kutosha. Kwa farasi 400 kutoka kwenye injini ya 220 unahitaji petroli karibu maradufu, na hiyo haipatikani kwa presha. Halafu kompyuta ya kiwandani isiyojua turbo haitarudisha taimingi nyuma kwa ajili ya busti.

Hapa ndipo ile pesa uliyoiokoa kwa kutonunua pistoni inapopata kazi. Kompyuta inayopangika, sensa pana ya oksijeni na sensa ya joto la hewa. Kwenye busti na petroli watu wengi huanzia uwiano wa hewa kwa petroli wa 11.5 mpaka 12 kwa 1. Bila sensa pana huwezi kuujua. Kuangalia rangi ya plagi peke yake ni kuchelewa.

Adui anayetisha ni kugonga. Plagi imewasha, moto unasambaa vizuri, lakini mchanganyiko uliobaki pembeni umebanwa na kupashwa mpaka unajilipua wenyewe. Presha inapanda ghafla, tabaka la hewa linalolinda kichwa cha pistoni linavurugwa, na alumini inaanza kuliwa. Kwa hiyo anza na springi laini ya westigeti (vali inayozuia busti isipite kiasi), busti ndogo, taimingi ya nyuma na mchanganyiko mzito kidogo (wenye petroli zaidi). Rekodi kila mbio kwenye kompyuta ndogo, usome, ndipo usogeze kitu kimoja. Sensa ya kugonga iliyounganishwa na vipokea sauti masikioni inafanya kazi nzuri sana kwa gharama ndogo. Plagi ziwe za baridi (zinazopoteza joto haraka) kwa hatua moja, na nafasi yake ipunguzwe kufika kama mm 0.6 au 0.7, maana cheche inapata shida kuruka kwenye hewa nzito.

Kama kuna daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) unayoweza kukodi, mlipe mtu aliyezoea. Nasema hivi kwa moyo wote: saa chache na mpangaji mzuri zina thamani kuliko seti ya pistoni za kufuliwa.

#10

Nimemaliza kufunga yangu mkuu, nimepima ringi na beringi kama ulivyosema. Nashika ufunguo kwa woga. Kuwasha mara ya kwanza kuna utaratibu?

#11

Hongera sana mkuu. Upo.

Toa plagi zote, zima nozeli, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Geji ya mshale, si taa. Isipopanda usiwashe, tafuta sababu. Mlango wa gereji uwe wazi kabisa, gesi ya kaboni monoksaidi iliyo ndani ya moshi wa ekzosi inaua bila harufu ya kukuonya, na kizima moto kiwe karibu maana viungo vya petroli ni vipya. Kagua kila kiungo pampu ikiwa inafanya kazi kabla injini haijawaka. Ukiingia chini ya gari liwe juu ya stendi, jeki pekee hapana.

Ikiwaka, angalia presha ya oili, uvujaji na joto. Ikishapata moto usiiache ikiunguruma tu saa nzima. Ringi hukaa kwa presha ya mwako inayozisukuma ukutani, kwa hiyo inahitaji mzigo: endesha, kanyaga nusu ukipandisha mizunguko, achia ishuke yenyewe kwa gia, rudia, bila busti ya maana. Tumia oili ya kawaida ya madini mwanzoni. Mwaga ikiwa bado ya moto baada ya safari hizo za kwanza, ukate filta kwa msumeno wa mabomba na utandaze karatasi yake juani. Vumbi dogo la chuma kutoka kwenye ringi utaliona na ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba ni beringi, hapo simama ufungue sampu.

Presha ya oili ikiwa ya moto, kanuni ya zamani ni kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Ukiwa na bar 4.2 kwenye 6,000 upo salama.

Kabla hujaongeza busti angalia klachi, kisha breki. Weka picha ya ile karatasi ya filta hapa tuisome pamoja.